Kazi ya Kukaa na Watu



Tarehe 23 Januari 2009 alifariki Mwingereza mmoja aliyeitwa Harold Blackham. Ilikuwa imebaki miezi miwili na siku chache atimize miaka 106. Kwetu mtu akifika umri huo wajukuu humzunguka wakamwuliza alikuwa anakula nini, na kwa Blackham jibu lipo: alikula mboga alizozilima mwenyewe katika bonde la mto Wye, kule Uingereza inakopakana na Wales, alikohamia baada ya kustaafu. Mimi nina swali jingine. Katika umri wote huo, zaidi ya miaka 70 aliitumia ndani ya jumuiya ya watu wasiofuata dini. Aliingia akiwa na miaka kama 30, hakutoka tena. Ni jumuiya isiyokuahidi pepo wala kukutisha kwa moto. Haina shahada ya kutamka, haina ubatizo, na usipoonekana Jumapili hakuna atakayekuhesabia dhambi. Ni kitu gani basi kinachomshika mtu humo miaka 70?

Niseme mapema, kwa anayenisikia kwa mara ya kwanza, kwamba mimi nimelelewa Tanga, katika nyumba iliyoamshwa na adhana ya alfajiri, na mpaka leo ninaswali. Simtafutii Blackham wafuasi. Ninamzungumzia kwa sababu alilijua jambo moja kuhusu jumuiya ambalo hata sisi wa misikitini na makanisani tunalihitaji. Na ninamzungumzia kwa sababu ya mjomba wangu, ambaye nitamfikia.

Wenyewe wanajiita wahumanisti. Wapo waliojaribu kuutafsiri uhumanisti kwa neno ubinadamu, lakini hapo naona ugumu. Binadamu ni bin Adamu, mwana wa Adamu. Neno lenyewe limekuja kwetu likiwa limebeba kitabu kitakatifu mgongoni. Utu unakaribia zaidi. Tukisema fulani ana utu, au fulani hana utu, hatujamwuliza kwanza anaswali wapi wala kama anaswali. Wahumanisti wanasema hapo ndipo pa kuanzia: maisha ni haya tunayoyaona, akili tumepewa tuitumie, na wema una thamani hata kama hakuna anayeandika daftari mbinguni. Tuache ufafanuzi, twende kwa mtu mwenyewe.

Blackham alizaliwa tarehe 31 Machi 1903, upande wa Birmingham, katikati ya Uingereza, nchi ya viwanda na moshi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inamalizika aliacha shule, akaenda kufanya kazi ya shamba. Aliwapenda farasi. Baadaye akarudi kwenye masomo, akaingia Chuo Kikuu cha Birmingham, na moja ya masomo aliyoyachukua lilikuwa elimu ya dini. Akafundisha kwa muda shule ya sekondari mjini Doncaster. Ninayataja haya kwa sababu tumezoea kumdhania mtu asiye na dini kuwa ni mtu asiyeijua. Huyu aliijua kwa kuisomea, na hakuwahi kuidharau.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaenda London kufanya kazi na mzee mmoja Mmarekani, Stanton Coit. Na Coit, msikilizaji, alikuwa na jambo lake. Aliamini kwamba watu wanaotoka kanisani wasiachwe watawanyike. Wapewe kanisa jingine, lenye nyimbo, mimbari, kwaya na mahubiri, ila Mungu asitajwe kwa namna ile ya zamani. Kinachoabudiwa kiwe ni wema wenyewe. Mwaka 1909 jumuiya yake ilipata kanisa kuukuu mtaa wa Bayswater, likaitwa Kanisa la Maadili. Ndani zikawekwa sura za walimu wakubwa wa mataifa mbalimbali, Yesu akiwa mmoja miongoni mwao. Mwaka 1913 Coit alitoa kitabu cha ibada, juzuu mbili nzima, ili waumini wake wasio na dini wawe na cha kusoma na cha kuimba.

Kijana Blackham alilikuta kanisa hilo, akakaa nalo, na pole pole akaanza kulivua joho. Sidhani kama alifanya hivyo kwa ukali. Aliona kwamba watu wanaomsikiliza pale hawahitaji kanisa lililogeuzwa maneno. Kama mmeacha kuamini, mbona bado mmevaa nguo za mlichokiacha? Nyimbo zikapungua, mazungumzo yakaongezeka. Coit alifariki mwaka 1944. Katikati ya miaka ya 1950 jengo likauzwa kwa Wakatoliki, na mahali hapo misa inasomwa hadi leo. Wahumanisti wakahamia nyumba ya kawaida mtaa wa Kensington, yenye ofisi na vyumba vya mikutano.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Ukiliondolea kanisa nyimbo, kwaya, majoho na mimbari, kinabaki nini? Watu waliokaa kwenye viti wakikubaliana kwamba hawaamini. Makubaliano ya namna hiyo yanatosha jioni moja, au mbili. Mtu hawezi kurudi kila wiki, mwaka baada ya mwaka, kwenye mvua na baridi ya London, kuja kukumbushwa kitu asichokiamini. Nadhani Blackham aliliona hili mapema kuliko wenzake wengi, na maisha yake yote yaliyobaki niliyoyasoma nayaona kama jibu la swali hilo.

Mwaka 1938 Hitler aliichukua Austria. Wayahudi wa Vienna walipigwa, maduka yao yakavunjwa, na wazazi wakaanza kutafuta njia ya kuwatoa watoto wao hata kama wenyewe watabaki. Kati ya Desemba 1938 na kuanza kwa vita Septemba 1939, watoto wapatao 10,000 waliingizwa Uingereza kutoka Ujerumani, Austria na nchi za jirani. Wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Kazi hiyo ilifanywa na Wayahudi wenyewe, na Wakristo wa madhehebu ya Quaker, na watu wengine wa kila aina. Blackham alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuwatoa watoto wa Vienna. Kisha London nayo ikaanza kupigwa mabomu, naye akaingia katika kikosi cha zimamoto, akiendesha gari la kuzima moto upande wa bandari, ambako maghala yalikuwa yanawaka usiku baada ya usiku. Mtu huyu alikuwa na vitabu vya falsafa kichwani. Alikuwa bado hajaandika kitabu chake kinachojulikana zaidi, kile cha mwaka 1952 kuhusu wanafalsafa sita wa udhanaishi, falsafa inayouliza mtu aishi vipi akiwa huru kuchagua. Na hata katika sita hao aliowachagua yumo Kierkegaard, Mkristo wa dhati, na yumo Marcel, Mkatoliki. Aliwasoma kwa heshima ileile aliyomsomea Sartre, asiyeamini Mungu.

Mwaka huohuo wa 1952, mwezi Agosti, wajumbe wa vyama vya nchi kadhaa walikutana Amsterdam wakaunda umoja wa kimataifa wa wahumanisti. Ulaya ilikuwa imetoka vitani miaka saba tu iliyopita. Rais wa umoja alikuwa Mholanzi, Jaap van Praag, Myahudi aliyeiponea vita mafichoni. Blackham akawa katibu. Katibu, msikilizaji, unajua maana yake: ndiye anayeandika barua, anayekumbusha ada, anayehakikisha mkutano ujao una ukumbi. Aliishika kazi hiyo miaka mingi.

Mkutano ule wa Amsterdam uliongozwa na Julian Huxley, na huyu ana historia na sisi. Huxley, mwanabiolojia, alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1929 akiangalia elimu ya sayansi, akaandika kitabu. Alirudi upande huu mwaka 1960 kwa niaba ya UNESCO, aliyokuwa mkurugenzi mkuu wake wa kwanza, akaangalia hali ya wanyamapori, na makala alizoziandika aliporudi kwao zilichangia kuanzishwa kwa mfuko wa dunia wa wanyamapori mwaka 1961. Pundamilia na tembo wetu wana deni la shukrani kwake. Lakini Huxley huyohuyo aliongoza chama cha watu walioamini kwamba kizazi cha wanadamu kiboreshwe kwa kuchagua nani azae na nani asizae, na aliongoza chama hicho hata baada ya dunia kuona Hitler aliyapeleka wapi mawazo ya namna hiyo. Mimi Mwafrika siwezi kulipita jambo hili kimya. Mtu akisema anaanza na utu wa mwanadamu, tuna haki ya kumwuliza: mwanadamu yupi? Wahumanisti wa kizazi kile hawakulijibu swali hilo vizuri wakati wote. Kuacha dini hakumwondolei mtu kiburi cha rangi yake.

Sasa niingie mahali ambapo redio inahusika. Januari 1955, mwalimu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Margaret Knight, alitoa mazungumzo BBC, kama haya ninayoyatoa mimi jioni hii, akisema kwamba mzazi asiye na imani anaweza kuwafundisha watoto wake maadili bila kuwafundisha dini. Basi. Hakumtukana mtu. Uingereza ilitikisika. Magazeti yalimshambulia wiki nzima. Gazeti moja lilitoa picha yake na kuwaonya wasomaji wasidanganyike na sura yake ya mama wa nyumbani. Barua zilimiminika, nyingi za matusi, na nyingine nyingi za watu waliosema: mama, tulidhani tuko peke yetu.

Hizo barua za pili ndizo zinazonigusa. Tulidhani tuko peke yetu. Mtu wa Uingereza wa 1955 aliyeacha kanisa hakuacha mahubiri tu. Nchi ile mambo mengi ya maisha yalikuwa yamepitia mlango wa kanisa. Chukua suala la kuasili mtoto. Mume na mke wasiojaliwa mtoto, wana nyumba, wana kazi, wana mapenzi, wanakwenda kwenye shirika la kuasili watoto. Mashirika mengi yalikuwa ya makanisa, na swali la mwanzo lilikuwa mnasali wapi. Wakisema ukweli, wanarudishwa. Wakidanganya, wameanza kumlea mtoto kwa uongo. Katika miaka ya 1960 wahumanisti wakaunda shirika lao la kuasili watoto kwa ajili ya wazazi kama hao. Hali kadhalika nyumba za wazee. Katika miaka ya 1950 walianzisha chama cha nyumba, ili mzee aliyeishi bila dini asilazimike uzeeni kuomba hifadhi penye sharti la sala asiyoiamini. Wakaanzisha pia huduma ya ushauri kwa watu waliolemewa, wasio na padri wa kumwendea. Blackham alikuwa katikati ya mambo hayo, na baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kitaifa cha washauri nasaha.

Mwaka 1963 vyama viwili vya zamani vilishirikiana kuunda Chama cha Wahumanisti cha Uingereza. Huxley akawa rais wa kwanza, na Blackham mkurugenzi wake mtendaji wa kwanza. Rais alikuwa na jina. Mkurugenzi alikuwa na funguo za ofisi. Aliiacha nafasi hiyo mwaka 1968, lakini hakuacha kazi. Alikaa meza moja na Wakristo na Wayahudi kutafuta namna watoto wa shule watakavyofundishwa maadili bila dini moja kuigandamiza nyingine, na jarida la elimu ya maadili lililozaliwa kutokana na juhudi hizo mwaka 1971 linatoka hadi leo. Mwaka 1996, akiwa na miaka 93, alitoa kitabu kingine, kikianzia Ugiriki ya kale. Katika umri huo wengi wetu tunaomba tu tukumbuke majina ya wajukuu.

Unaiona picha, msikilizaji? Mtoto wa kuasiliwa, mzee wa kutunzwa, aliyelemewa wa kusikilizwa. Kanisa la Coit lilijaribu kuwashika watu kwa nyimbo. Blackham na wenzake waliwashika kwa kazi. Mwanachama wa muda mrefu, yule anayekaa miaka 30, 40, 70, habaki kwa sababu ya mada ya Jumapili. Anabaki kwa sababu kuna bibi wa kumpeleka hospitali siku ya Alhamisi, na kama yeye hakuenda, hakuna wa kwenda. Mtu huondoka kwa urahisi mahali anaposikiliza tu. Mahali anapohitajiwa, miguu huwa mizito.

Habari hii imefika pia jirani yetu. Uganda kuna shule zilizoanzishwa na wahumanisti wa hukohuko. Isaac Newton iko upande wa Masaka, Mustard Seed iko Busota wilayani Kamuli, na Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, ipo shule ya msingi iliyoanza mwaka 2011. Wanasoma humo watoto wa Wakatoliki, wa Waanglikana, wa Waislamu, wa walokole. Hakuna anayehubiriwa darasani kuacha dini ya wazazi wake. Mwaka 2008 ukaundwa Uingereza mfuko wa kuzisaidia shule za namna hiyo, na pesa nyingi zinatoka kwa wanachama wa kawaida, pauni chache kwa mwezi: mwalimu mstaafu, muuguzi mstaafu, watu ambao huenda wasiione Kamuli maishani mwao. Kwa hapa kwetu jambo hili bado lina uzito wake. Kenya, chama cha wasioamini kilisajiliwa mwaka 2016, na mwaka huohuo usajili ukasimamishwa kwa muda. Katiba zetu zimetaja uhuru wa mawazo na imani, lakini uhuru ulioandikwa na uhuru wa kukaa kibarazani na majirani ni vitu viwili.

Na hapa ndipo ninapomfikia mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa chini ya mwembe, kando ya njia ya shule. Alikuwa mtu wa msikitini kama wenzake mpaka mwaka ule alipofiwa na watoto wawili, mmoja mwezi wa tatu na mwingine mwezi wa kumi. Baada ya hapo aliacha kuswali. Hakubishana na mtu, hakusema neno baya juu ya dini, alinyamaza tu. Adhana ikilia wenzake walimwachia baiskeli zao wakaenda msikitini, naye akabaki akizilinda mpaka warudi. Pampu yake aliining'iniza nje ya kibanda, kwenye msumari, hata siku asizokuwepo, ili mtoto wa shule aliyeishiwa upepo njiani ajijazie mwenyewe. Hakuwahi kuifunga kwa mnyororo, na kwa miaka yote ile haikuibwa.

Alipofariki, maneno yalianza kabla maji ya kumwoshea hayajachotwa. Walikuwepo waliouliza kama mtu kama huyu anaswaliwa. Wazee wakakaa, wakasema hukumu si ya kwetu, huyu ni ndugu yetu. Akaoshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa, akazikwa kabla ya magharibi. Nawaombea wazee wale mpaka leo. Watu walikuja kwa wingi. Kaburi lilichimbwa na vijana ambao hakuna aliyewatuma, turubai likafungwa, wanawake wakapika, daftari la michango likajaa. Katika hilo tunamzidi Mwingereza wa 1955 kwa mbali. Mjomba aliacha kuswali, lakini hakuachwa na mtaa. Alichokosa ni kitu kingine. Siku tatu nzima za matanga, kila nililolisikia juu yake lilihusu kile alichokiacha. Hakuna aliyesimama akaitaja pampu. Na mimi sikusimama. Nilikuwa na miaka 19, nikaona si nafasi yangu.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa masomoni Uingereza, mama wa mwenzangu wa darasani akafariki, nikaenda kuzika. Hakuwa mtu wa dini, na mazishi yake yaliendeshwa na wahumanisti. Nilikuwa sijawahi kuyaona. Niwape historia kidogo: tangu sheria ya mwaka 1880 Waingereza wanaruhusiwa kuzika katika viwanja vya makanisa bila ibada ya kanisa la taifa, lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kujua la kusema ni jingine. Mwaka 1989 mhumanisti mmoja wa Birmingham, Jane Wynne Willson, aliandika kijitabu cha kuelekeza mazishi yasiyo ya dini, na chama kikawa kinawafundisha wanachama wake kuyaendesha. Leo hiyo ndiyo kazi ambayo Waingereza wengi wanawajulia wahumanisti. Lifikirie hili, msikilizaji. Jumuiya ileile iliyovua majoho na kupunguza nyimbo ilirudishwa kwenye sherehe na watu wenyewe, nao waliirudisha kwa kugonga mlango wakiwa na maiti nyumbani. Coit hakuwa amekosea kabisa. Mtu aliyefiwa hahitaji hoja. Anahitaji mtu wa kusimama mbele na kusema, kwa sauti isiyotetemeka, kile ambacho yeye koo lake limekikatalia.

Aliyeyaendesha mazishi yale alikuwa mama wa makamo, mwalimu mstaafu. Wiki moja kabla alikwenda nyumbani kwa wafiwa, akakaa nao jikoni saa tatu, akinywa chai na kuuliza. Marehemu alikuwa anacheka namna gani? Alikuwa anakasirishwa na nini? Nani aligombana naye, na je, walipatana? Siku ya mazishi alizungumza dakika kama 20, na nilimwona yule mama marehemu, ambaye sikuwahi kumwona hai, akipita mbele yangu na sufuria yake ya jamu na redio yake ndogo ya jikoni. Hakumpamba. Alisema pia kwamba alikuwa mgumu wa kuomba radhi, na wanawe wakacheka huku wanalia. Kisha akasema tutakaa kimya kidogo, na anayeamini aombe kwa namna yake. Mimi nikasoma Fatiha moyoni.

Baada ya hapo nilimfuata nje, kwenye maegesho ya magari, nikamwuliza amekuwa mwanachama tangu lini. Akasema tangu alipokuwa msichana, na kwamba miaka mingi kazi yake ilikuwa kupanga viti na kuosha vikombe baada ya mkutano. Nikamwuliza anawezaje kumsemea mtu asiyemjua. Akasema hajui kumsemea mtu. Anajua kuuliza na kungoja jibu. Halafu akaniuliza mimi natoka wapi, na kama kwetu kuna mtu niliyemzika ambaye hakusemewa.

Mvua ilikuwa inaanza, naye hakuonyesha haraka yoyote. Nikamweleza habari za mjomba, na mwembe, na baiskeli za watu wa msikitini, na pampu kwenye msumari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema kwa sauti.